Fundi Baridi na Picha ya Juu

Upo wivu wa mapenzi, upo wivu wa viwanja, na upo wivu wa Fundi Baridi, ambao mimi nauvulia kofia. Nimeona watu wenye kijicho, tena wakubwa, lakini yule bwana angeweza kumfundisha nyoka kutema.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Karakana ilikuwa chumba kimoja, majokofu yamesimama milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kukaguliwa koo. Akishajaza gesi, anapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, halafu anangoja aone kama litatoa mapovu penye tundu. Katika kungoja huko ndipo simu ilipotoka mfukoni.

Ndani ya simu kulikuwa na kijiwe. Huko hakuna benchi wala kivuli, ni ukumbi wa mtandaoni tu. Watu wanachukua picha, wanaiandikia maneno ya utani, wenzao wanabonyeza kicheko. Kila wiki, picha iliyochekwa kuliko zote inapandishwa juu kabisa ya ukumbi, kila anayeingia aanze nayo. Pale juu Fundi alipazoea kama unavyozoea upande wako wa kitanda.

Mtindo wake ungeujua hata ukiwa umefumba jicho moja. Herufi za njano, nene, na alama za mshangao zimejipanga kama askari wa gwaride. Wanyama hakuwataka. "Paka ni njia ya mkato," alikuwa akisema. "Asiyejua kuchekesha ndiye anayekimbilia paka." Malighafi yake ilikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye akigusa kochi tu analala mdomo wazi. Shemeji kalala: "BOSI AKIULIZA NANI ATABAKI KUFUNGA OFISI!!!" Shemeji mwenyewe hakuona ubaya. Alisema angalau sasa watu wanajua ana kazi.

Ila Fundi alikuwa na tabia mbili za uchoyo. Kwanza, hajawahi kumpa mtu kicheko. Anaona picha nzuri, tumbo linatikisika, kidole kimegoma. Pili, desturi ya kijiwe ni kwamba ukiweka picha yako, chini yake unaweka na ganda, yaani picha ileile ikiwa tupu, wengine waijaze maneno yao. Fundi aliweka ganda? Thubutu! Tena alipiga mhuri wa jina lake katikati ya pua ya shemeji, asije mtu akambandua.

Basi akaingia mgeni, anajiita Kandambili. Kama ni mwanamume au mwanamke, hakuna aliyejua. Picha yake ya kwanza ilikuwa kiti cha plastiki kilichokatika mguu, kimeegemezwa ukutani. Maneno madogo, meupe: "Niko sawa, usijali." Na chini, ganda, chukueni.

Fundi aliiona, akasonya. Picha gani hiyo? Hata mtu hamna!

Jioni yake mkewe, mshona mapazia, alikuwa mezani na mashine yake. Ghafla akaangua kicheko, akajiinamia juu ya kitambaa, futi ya kupimia ikamdondoka shingoni.

"Unacheka nini, mama watoto?" Fundi akauliza, huku moyo unajibu: bila shaka ni ile yangu ya asubuhi.

"Hiki kiti jamani! Tazama kilivyoegemea!"

"Kiti tu hicho."

"Kiti, ndiyo. Lakini ni mimi kabisa siku wateja wakinijia wote pamoja."

"Na ile ya kaka yako umeiona?"

"Nimeiona. Kalala." Akaendelea kucheka kiti.

Hapo ndipo roho ilipopata tundu. Mwanamke aliyekula naye miaka yote, hajawahi kumwangushia futi! Na wiki hiyo kiti kikakaa juu. Kila mtu kalichukua lile ganda: wapangaji, walimu, madereva. Fundi akawa anapaka povu mahali pasipo na bomba. Usingizi anaoulala ni wa jicho moja, jingine linahesabu vicheko vya mwenzake.

Akabuni dawa. Akafungua jina la pili kwenye simu ileile, akajiita Msema Haki. Huyo kazi yake ingekuwa kupita chini ya picha za Kandambili na kuzikandia, kama mtu baki. Siku picha mpya ya Kandambili ilipotoka, jokofu la mteja likinguruma pembeni, Fundi akaandika kwa hasira: "Fundi Baridi ndiye mfalme wa kijiwe hiki. Kandambili ni mpita njia tu. Mimi sina upande, nasema haki." Akatuma. Akaweka simu chini, akatazama povu lake, ametulia kama aliyekunywa maji.

Povu halijakauka, shemeji akainuka kwenye kochi la pale karakana, simu mkononi, macho yamemtoka. Mara ya kwanza kuonekana macho yake yote mawili.

"Shemeji, wewe ndiye Fundi Baridi?"

"Nani asiyejua?"

"Basi mbona unajisifu mwenyewe, halafu unasema huna upande?"

Fundi akaidaka simu. Mama yangu! Hakubadilisha jina kabla ya kutuma. Maneno ya Msema Haki yamekaa waziwazi chini ya jina lake, na pembeni picha yake ya siku zote: kichwa kimechomoza ndani ya friza, anatabasamu kama mtu aliyefungiwa humo akaridhika.

Akafuta. Wapi! Watu walishayanakili. Na Kandambili alishaichukua ile sura ya kwenye friza, akaandika juu: "Refa aliyeshuka kwenye basi la timu moja," na chini: "Mimi sina upande." Kisha akaweka ganda.

Kijiwe kikalipuka. Mama mkwe anaamua ugomvi wa mwanawe: mimi sina upande. Paka anaulizwa nyama iko wapi: mimi sina upande. Wiki ilipokwisha, pale juu kabisa alikaa Fundi Baridi, na friza yake.

Nyumbani mkewe alikuwa chini sakafuni, kitambaa huku, futi kule, machozi yanamtiririka.

"Baba watoto, nitakufa! Hicho kichwa!"

"Umefurahi, sivyo?"

"Si ulitaka kukaa juu? Umekaa!"

"Nimekalishwa," akasema Fundi. "Na mtu mwingine."

Akaitazama ile picha. Sura ni yake, maneno ni yake, kicheko cha mkewe ni chake, mhuri si wake. Wivu ukamzunguka ukakosa pa kumshika. Atamwonea wivu nani, naye ndiye aliyeko kwenye friza? Tumbo likaanza kutikisika. Kidole kikasogea taratibu, kikabonyeza kicheko, cha kwanza tangu aingie kijiweni.

Mkewe akachungulia begani. "Umempa!"

"Nimempa," Fundi akasema, huku tayari anaandika chini ya picha, safari hii kwa jina lake na kwa kukusudia: "Herufi zingekuwa za njano."