Nguo Aliyoichora Mama Kwenye Kompyuta

Baba yangu ni fundi wa kompyuta, na zamani alikuwa na maringo ya ufundi wake. Mteja akija analia kwamba mashine imekula kazi zake zote, baba alimwambia akae, kwake yeye maji yakimwagika huzoleka. Na mara nyingi yalizoleka kweli.

Mama alikuwa fundi cherehani. Maharusi wa mtaa wetu walivaa kazi ya mkono wake hadi alipoanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka mkasi, baadaye sufuria motoni, halafu jina la mdogo wake wa kuzaliwa naye, ambaye alinuna kama mtoto aliyenyimwa. Daktari alisema ugonjwa ule haurudi nyuma. Mama alimsikia vizuri kuliko sisi. Mimi nilikuwa nimechumbiwa, na jioni ile aliniambia nguo yangu ya harusi ataichora yeye, kabla akili yake haijafunga duka.

Kushona kulishamshinda. Karatasi alizipoteza, nyingine akawashia jiko. Kompyuta nyumbani ilikuwa moja, imejaa kazi za wateja, na siku aliyoishika alizifuta nusu yake. Ndipo baba akaamua kumwekea mashine pepe: kompyuta ndani ya kompyuta, inayofunguka kwenye dirisha lake, ambayo mama angeivuruga apendavyo na ile ya nje ikabaki salama.

Kuchagua Linux ya kuweka humo, maana mfumo huo wa kuendeshea kompyuta una aina nyingi, kulimchukua muda mrefu kuliko kuchagua mke. Mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, siku ambazo bado alikuwa na utani. Baba alijaribu Fedora, akaipenda kwa upya wake, kisha akaiondoa kwa sababu hiyohiyo. Mint ilimfurahisha mama kwa rangi ya kijani, lakini alibofya hapa na pale hadi akapotea. Kila aina aliyoiweka, baba alimketisha mama mbele yake, na hakutazama kioo, alitazama macho ya mama. Mwisho akashika Debian, inayosifiwa kwa kukaa vilevile muda mrefu. Akaficha kila kitu, akaacha alama moja kubwa ya kuchorea.

"Mama yako anahitaji kitu kisichobadilika," aliniambia. Nilimpenda sana baba siku ile.

Mimi na baba tukitoka kwenda kazini, mama alikaa pale. Jioni baba alikuta vurugu: madirisha yamepandana, alama zimehama, maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango. Hakugombana. Katika mashine ya namna ile unaweza kuhifadhi hali ya siku fulani, kisha ukairudia ukitaka. Baba alikuwa amehifadhi hali ya siku ya kwanza. Kila jioni aliirudisha, kama mtu anayemtandikia mgonjwa kitanda, ili mke wake asubuhi akute kila kitu mahali pake.

Asubuhi mama aliuliza nguo ya mtoto iko wapi, mbona jana alifika kwenye mikono. Baba alimjibu kwa upole kwamba hajaianza bado, ndiyo kwanza anaanza leo. Siku nyingine mama alilia, akaapa kwamba aliichora. Baba alinivuta pembeni akaniambia nisimbishie, ndiyo ugonjwa wenyewe. Mama mdogo akasema la kuvunda halina ubani. Nilimwambia anyamaze, tena si kwa adabu. Baadaye mama aliacha kuuliza.

Siku moja nilirudi mchana na homa, nikamkuta mbele ya kioo cha kompyuta. Nguo ilikuwepo. Shingo ya mraba, vifungo vidogo toka kiwiko hadi mkononi, mgongo wazi kidogo.

"Una mgongo mzuri," aliniambia bila kugeuka. "Usiufiche."

Nilimkumbatia, kisha homa ikanilaza. Kesho yake nikamwomba baba anichapie ule mchoro nimpelekee mshonaji. Baba akauliza mchoro gani. Akafungua ile mashine, nayo ilikuwa tupu, safi kama siku ya kwanza. Akapekua huku na huku, kisha mkono wake ukasimama.

"Nimekuwa nikiirudisha," alisema. "Kila jioni. Alikuwa anaichora, na mimi ninaifuta."

Alitumia kila ujuzi anaowauzia watu. Mganga hajigangi, hakupata hata mstari. Mimi ningeweza kumweleza mshonaji kwa mdomo, na nilimweleza. Si hilo lililotuumiza. Kilichotuumiza ni zile asubuhi ambazo mama alisema kweli, na sisi tukamwonea huruma.

Tangu siku ile baba hakuirudisha tena. Akaiacha na vurugu zake zote. Lakini mama alichora shingo tu, akasita, na wiki zilizofuata akawa anakipapasa kioo kwa kiganja, kama anayepima kitambaa.

Asubuhi ya harusi nilitoka chumbani nimeivaa ile nguo. Baba alipiga magoti kando ya kiti cha mama, akamshika mkono.

"Mke wangu, ulikuwa unasema kweli. Uliichora. Nisamehe."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, kwa ile heshima aliyokuwa akiwapa wateja wageni.

"Samahani, baba," alisema. "Nguo ya nani?"