Viti Vilipotoka Nje

Chumba kilikuwa na upana wa mita tatu kasoro shubiri moja. Najua kwa sababu nilikipima kwa futi yangu ya kushonea, mara tatu, nikitumaini kwamba mara ya tatu ukuta utaona aibu na kusogea.

Ndani yake kulikuwa na kitanda cha mama, kanape ya watu watatu, fotei nne, viti vya mtu mmoja mmoja, zenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, kabati la vyombo, na cherehani yangu mlangoni penye mwanga. Hapo tulikula, hapo niliwapima wateja, na mvua ikinyesha hapo hapo tulipika. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Mimi na binti yangu tulilala humo tumebanana na magunia. Nyumba yetu ya zamani, yenye saloni ya kukaribishia wageni kumi na watano, ziwa lilikuwa limeichukua lilipopanda. Tulihama na viti vyote kama watu walioahidiwa nyumba kubwa zaidi, tukapanga vyumba viwili huku juu karibu na wakamua mawese.

Miezi michache baadaye mama akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa, ulimi ukabaki mzima, na kwa mama yangu ulimi ulikuwa nusu ya mwili. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kumtazama, akaona kidonda kinaanza nyongani, akaniita nje.

"Dada, huyu mama ageuzwe kila masaa mawili," alisema. "Mukuwe wawili, moja huku, moja kule. Kitanda kisiguse ukuta. Kidonda kikifika ku mufupa, dawa hatuna."

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nililijua, na binti yangu alikuwa na mikono yenye nguvu. Kilichokosekana ni mahali pa yeye kusimama. Kitanda kilibanwa na ukuta upande mmoja na kanape upande wa pili. Nilijaribu kukigeuza kielekee dirishani, mlango ukakataa kufunguka. Niliweka fotei juu ya fotei. Mama akatazama, akasema viti vya kupandana ni vya baa. Nilisimamisha kanape wima, ikaangukia kabati na kuvunja vikombe viwili. Wanaosema penye nia pana njia hawakuwahi kuwa na kanape.

Basi asubuhi moja, mama akiwa amesinzia, mimi na binti tulitoa vyote nje. Fotei nne na kanape, tukavipanga mstari mmoja ukutani, chini ya upenu, mvua isivipate. Tulivuta kitanda katikati, nikapita upande wa kulia, nikapita upande wa kushoto, nikazunguka tena kwa raha ya kuzunguka tu. Tulimgeuza mama bila kugonga kitu. Nilifurahi sana. Nikafagia, nikamwaga maji ya kufagilia mlangoni, nikatandika mkeka sakafuni.

Hapa mtaani kwetu, akifa mtu, viti ndivyo vinavyotangulia kutoka. Wanawake hukaa ndani, chini, mkekani. Wanaume hukaa nje juu ya viti hivyo. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Tangu utoto nimebeba viti vya matanga vya nyumba nyingi. Lakini asubuhi ile akili yangu yote ilikuwa kwenye futi.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu muuza mawese, mwanamke aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na Kiswahili chake cha huko. Alikuja na kanga kiunoni, mikono kichwani, analia kwa sauti. Nyuma yake walikuwa wanawake wanne, mmoja amebeba kuni. Nje, wazee wawili waliotoka msikitini walikuwa wamekwisha kukaa kwenye fotei zetu, mmoja anasoma dua kwa sauti ya chini. Nilisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi.

"Nani amekufa?" mama aliuliza kitandani.

Kilio kilikatika ghafla. Jirani yangu alimwona mama, akaniona mimi, akaketi chini kwa uzito.

"Kama ni miye," mama alisema, "muningoje kidogo. Sijamaliza."

Waliomba msamaha kwa Kirundi na kwa Kiswahili, wakacheka, wakambusu mkono. Mwenye kuni akaziacha. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Walipoondoka nilimtazama mama, nikaona jicho lake zima limejaa machozi.

"Rudisha mafotei mu nyumba," alisema. "Yote."

"Mama, nafasi haiko. Muuguzi amesema—"

"Rudisha. Silali mu nyumba ya matanga na miye niko nahema."

Nilimbembeleza. Nilimwonyesha njia mbili nilizozipata, huku na kule. Nilimwambia nitawaeleza watu, nitaviweka nyuma ya nyumba. Akageuza uso. Ndipo nikapandisha sauti, nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake: basi utakufa kwa sababu ya viti.

"Siku zangu zikiisha, nitakufa," alijibu taratibu. "Kufa mara mbili, hapana."

Tulivirudisha vyote. Kitanda kikarudi ukutani. Kanape ikarudi ubavuni mwake, na vitambaa vikanyooshwa jinsi alivyotaka. Mtu akipita barabarani aliona nyumba yenye viti ndani, na mama alitulia.

Kuanzia siku hiyo kila kumgeuza kulikuwa kuhama. Tulisukuma fotei mbili hadi mlangoni, tukainua kanape juu ya hizo nyingine, tukavuta kitanda, tukamgeuza, kisha tukarudisha kila kitu mahali pake kabla hajaanza kuuliza. Kila masaa mawili. Cherehani niliihamishia upenuni, na upepo wa ziwani ukawa unapeperusha vitambaa vya watu. Wiki ya kwanza tulishika ratiba. Wiki ya pili binti alikuwa na mitihani, nikawa peke yangu, na peke yangu sikuweza kuinua kanape. Nikaruka zamu ya saa nne asubuhi. Kisha nikaruka ya saa sita, kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kumaliza. Mama alijua, na alijua kwamba najua. Ningeweza kutoa kiti kimoja tu, hata kwa siri, akiwa amelala. Nimefikiri juu ya kiti hicho kimoja mara nyingi kuliko nilivyofikiri juu ya mume wangu aliyeniacha.

Kidonda kilifika kwenye mfupa. Muuguzi alikuja, akakisafisha, akatazama kitanda kilivyobana ukutani, hakuniuliza chochote. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi moja nilimletea mama uji, na hakuufungulia mdomo. Nilimshika mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa baridi sawa na wa kushoto. Nilimfumba macho, nikamfunika kanga. Binti nilimtuma kwa shehe, akaondoka mbio. Nikabaki mimi, mama na viti. Wanawake wa kumwosha wangekuja, nao wangehitaji kusimama huku na kule.

Nikainua fotei ya kwanza, nikaitoa nje, nikaiweka chini ya upenu. Machozi hayakutoka. Jirani yangu alikuwa uani kwake, anamimina mawese kwenye chupa. Aliiona fotei, akaniona, akatikisa kichwa huku akitabasamu, kwa sababu safari hii hakutaka kuchekwa.

"Unapanga nyumba tena, jirani?" aliniuliza. "Leo nafasi imepatikana?"

"Imepatikana," nikamwambia.

Alicheka, akaendelea na chupa zake. Nikarudi ndani kuchukua fotei ya pili.