Presha Haina Vidole

Kwetu Mikindani anayeosha maiti hasemi alichokiona. Marehemu awe na kidonda, awe na kilema alichokificha maisha yake yote, mwoshaji anafunika na mdomo anaufunga. Dini inataka tusitiriane, na mimi nimeosha wanawake wenzangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sina ugomvi na sitara. Ugomvi wangu ni na mtu aliyejificha ndani yake.

Mtu huyo ni mchuuzi wa samaki wa kukausha. Huwanunua kule chini, Ruvuma inapoingia baharini, akawaleta kuuza Mtwara mjini. Mpole wa maneno, shikamoo yake inafika kabla hujamwona. Mke wake wa kwanza alikufa ghafla, wakasema presha. Eda ya watu kumsikitikia ilipokwisha akaja kwetu kuposa, akamwoa mtoto wa marehemu dada yangu. Kwa mila yetu huyo ni mwanangu, na hata bila mila ni mwanangu, maana uji wake wa kwanza nilimnywesha mimi. Naye akafa. Presha tena.

Siku ya kumwosha, ndani ya pazia tulikuwa mimi na Bi Mkubwa, ndivyo tulivyomwita mkuu wa waoshaji wote wa mtaa. Yeye kashika kichwa, mimi namwaga maji. Alipomgeuza, nywele zikasogea nikaiona shingo. Alama za vidole vinne upande huu, kimoja upande ule, zimeiva kama zambarau. Nikasimama na kopo langu mkononi.

"Mwaga maji," Bi Mkubwa akasema.

"Dada, tazama shingo."

"Nimeitazama. Hata yule wa mwanzo alikuwa hivihivi. Funika, mwenzangu, mwaga maji."

Nilimwaga, kwa sababu mwanangu hakustahili kuzikwa nusu ameoshwa. Lakini watu waliporudi kutoka makaburini tu, nilimvuta kaka yangu kando. Yeye ndiye mjomba wa marehemu, na kwetu mjomba akisema jambo la ukoo limesemwa. Nikamweleza yote, na neno la Bi Mkubwa juu yake. Kaka akamwita Bi Mkubwa. Mama wa watu akaja na harufu ya karafuu maiti bado iko mikononi, akakaa, akajitengeneza mtandio.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Mwenzangu kafiwa. Mtu akiwa na machozi machoni ataona mengi."

Kaka akanigeukia. "Dada, unatutia aibu mbele ya mkwe. Mtoto alikuwa na presha."

"Presha haina vidole," nikamwambia.

Akanifukuza nirudi jikoni kwa wanawake. Na jikoni wanawake walikuwa wameshasikia. Hawakunisema usoni. Walianza kunyamaza nikiingia. Kisha kazi ya kuosha wakaninyang'anya: huyu anatangaza maiti, haaminiki. Ikawa mtu akifa mtaani nasikia ndoo zinapita mlangoni kwangu, zinakwenda, hakuna anayebisha hodi. Mama zao niliwaosha mimi kwa mikono hii.

Watu husema hasira inapoa. Yangu haikupoa. Nilikuwa nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nakuna uso wa yule mwanaume. Nikipara samaki, nampara yeye. Na alipopita njiani na baiskeli yake, "Shikamoo, mama!" kwa sauti ya asali, nilikuwa nageuza kichwa nikitema mate mchangani. Alikuwa anacheka. Alijua kwamba najua, na alijua hakuna anayenisikiliza.

Kisha nikasikia ameposa tena. Safari hii kaposa kwa Bi Mkubwa mwenyewe, mjukuu wake, huko Ufukoni, na mahari imepokelewa.

Nilifurahi. Nilikuwa naosha vyombo, nikaangua kicheko peke yangu mpaka sahani ikaniteleza. Nikasema, haya, na amchukue. Ikifika siku, Bi Mkubwa amwoshe mwenyewe, halafu afunike.

Kilichoniharibia furaha ile ni yule binti. Mimi ndiye niliyemcheza unyago alipovunja ungo, na kwetu kungwi aliyekucheza ndiye anayekufunda siku unapoolewa. Kazi ya maiti waliweza kuninyang'anya, hii hawakuweza. Basi binti akaja kunialika. Akapiga magoti kwenye kibaraza changu, akainamisha kichwa kunipa mkono.

"Shikamoo, somo. Nimekuja kukuchukua unifunde."

Alipoinama nikaiona shingo yake. Nyembamba, ina mkufu wa shanga. Sikucheka tena.

Nikamwambia nitakuja, akaenda zake. Nikabaki pale kibarazani sijui la kufanya. Kumwambia nini? Bibi yake ameshanikana mara moja. Nikisema tena watasema kikongwe ana wivu, anataka kuvunja harusi ya watoto wa watu.

Wakati huo alikuwapo nyumbani mjukuu wangu, anasoma ualimu, kaja likizo na flashi imejaa muvi za Kikorea. Siyo kwamba wale Wakorea wanasema Kiswahili. Kuna kijana mmoja wa hapahapa nchini anawasemea wote, sauti moja kwa mwizi na polisi, mama na mtoto, na akichoka anapiga soga zake mwenyewe. Mjukuu akaniita nitazame naye.

"Sitaki," nikasema. "Wakorea wako ni wa kulia kwenye mvua."

"Hii siyo ya mapenzi, bibi. Hii ni ya kumsaka mtu anayeua wanawake."

Nikakaa.

Muuaji wa kwenye muvi ile aliingia majumbani akijifanya fundi wa majiko ya gesi. Mji wenyewe una theluji kila mahali, watu wanatoa moshi mdomoni. Anachagua wanawake wanaoishi peke yao. Mpelelezi ni mtu mzima mwenye kikohozi, na tangu mwanzo anamjua mhalifu wake, anakaa naye mpaka meza moja, ila hana shahidi.

"Mbona hampigi?" nikauliza.

"Bibi, sheria hairuhusu."

"Mngoje sheria huku anaua."

"Siyo mimi, bibi, ni muvi!"

Mkuu wa polisi akafoka, na yule msemaji wetu akamtia maneno: "Oya, mleteni huyo mshenzi hapa, nimekula ugali wa jana, sina utani leo!" Mjukuu akacheka sana. Mimi nilikuwa namtazama bibi mmoja muuza tambi za supu. Yule fundi alikuwa mpangaji wake. Bibi alimwona anatoka kwa mwanamke mmoja siku aliyouawa, lakini akiulizwa anakataa, sikuona, macho yangu mabovu. Mpelelezi hakumfokea. Alimchukua mpaka mlangoni pa nyumba yenyewe, akamsimamisha pale pale aliposimama siku ile, akamwambia: "Usiniambie. Nionyeshe." Bibi akainua mikono kuonyesha kwamba hakuna kitu, na mikono yenyewe ikaanza kujipangusa, moja juu ya nyingine, kama alivyomwona yule mtu anajipangusa. Akajiona anafanya, akaanza kulia.

"Rudisha," nikasema.

"Nirudishe wapi?"

"Pale kwenye mikono."

Akarudisha. Nikatazama. Nikamwambia arudishe tena.

"Bibi, unataka kumuua nani?"

"Nyamaza, urudishe."

Mwisho wa muvi sikuuona. Nilikwenda chumbani kutafuta kanga safi na kopo.

Siku ya kumfunda mwali, chumba kile cha Ufukoni kilijaa wanawake mpaka milango ikafungwa kwa shida. Bi Mkubwa kakaa mbele, kwenye mkeka mpya, hina mpaka kwenye kiwiko. Alinipa mkono bila kunitazama. Nikafunda kama inavyotakiwa: usafi, jikoni, mume akirudi na hasira, mume akirudi na furaha. Hapo nikacheza kidogo, na mwanamke mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Eh, bibi, kiuno hicho ulikificha wapi?" Ngoma ikapigwa, wakacheka mpaka machozi. Niliwaacha wacheke washibe.

"Sasa la mwisho," nikasema. "Mwali, lala chali."

Akalala, anatabasamu, anadhani ni mchezo mwingine. Nikatandaza kanga juu yake, nikaifunika kuanzia kifuani mpaka miguuni namna tunavyomfunika maiti. Kicheko kikakatika.

"Mambo gani haya siku ya harusi?" mmoja akasema.

"Humu ndani kungwi haulizwi." Nikachukua kopo langu, tupu, nikasimama ubavuni pa mwali. "Bi Mkubwa, njoo ushike kichwa."

"Umerukwa na akili."

"Njoo. Sitaki useme kitu. Nionyeshe tulivyomwosha mwanangu. Mimi namwaga maji."

Hakuinuka. Binti pale chini akauliza, "Somo, kuna nini?" Sikumjibu, nilikuwa namtazama bibi yake. Ndipo mama wa binti, ambaye ni mtoto wa kumzaa wa Bi Mkubwa, akasema polepole, "Mama, kama hakuna kitu, si ukashike tu?"

Akaja. Akapiga magoti kichwani pa mjukuu wake. Nikainamisha kopo kama namwaga. Na ile mikono, iliyoosha watu maisha yote, haikungoja amri yake: ikaingia chini ya kisogo, ikageuza kichwa, ikazisogeza nywele. Shingo ikawa wazi, na mkufu wa shanga. Pale ikasimama.

"Funika, mwenzangu," nikamwambia. "Mbona hufuniki?"

Vidole vyake vikashuka shingoni pa mjukuu.

"Vidole vinne huku," akasema. "Kimoja huku. Na yule wa mwanzo vivyo hivyo. Nilisitiri. Niliona ni sitara, na posa ilipokuja sikujua nitakataaje bila kusema nilichokana."

Mama wa binti alipiga yowe, akamrukia mwanawe pale chini akamkumbatia pamoja na kanga, kama mtoto mchanga. Mimi nikaweka kopo chini.

Walimpakia Bi Mkubwa kwenye bajaji wakampeleka polisi akiwa na hina yake. Mimi nikafuata na bajaji nyingine, kwa kuwa sikumwamini. Safari hii hakunikana. Makaburi yakafukuliwa kwa amri, madaktari wakaja. Mchuuzi wakamkuta kule kwenye mikoko karibu na mdomo wa mto, kafunga begi, anamsubiri mwenye mtumbwi wa kumvusha upande wa Msumbiji.

Kaka yangu alikuja kuniomba radhi. Nilimwacha asimame mlangoni mpaka chai yangu ikaisha, ndipo nikamwambia karibu. Bi Mkubwa naye alikuja, akalia, akataka nimsamehe. Sijamsamehe. Wanaonihubiria habari za msamaha nawaambia waende kwanza wakamsikilize mwanangu. Kuosha nimerudi, walikuja wenyewe kubisha hodi. Ninayeshika kichwa ni mimi, na Bi Mkubwa ndiye anayechota maji. Nikiona kitu kisicho cha Mungu, sifuniki. Wenzangu wote wanajua hivyo, na waume wa mtaa huu wanajua.

Kila mchuuzi anapoletwa mahakamani mimi nipo. Mjukuu ananiambia bibi, utachoka, kesi itatajwa tu na kuahirishwa. Nachagua benchi la mbele, mahali ambapo akiinua macho lazima anione. Hana tena ule mwendo wa baiskeli, lakini ulimi wake haujasahau. Wakimpitisha karibu nami, pingu mkononi, anainamisha kichwa, anasema kwa sauti ileile, "Shikamoo, mama."

Askari hunitazama wakingoja nijibu, maana hata kwa mhalifu salamu ni salamu. Namtazama shingoni. Siitikii.