Jinsi Mama Kifungu Alivyoizima Redio

Mtaani kwao, aliyetaka kujua haki zake alikwenda kusukwa. Mama Kifungu msusi alikuwa amehudhuria mafunzo ya wasaidizi wa sheria, akarudi na cheti na ulimi mkali kuliko ule aliokwenda nao. Alikibana kichwa chako katikati ya magoti, na huku anagawa nywele anakufundisha. Polisi akikukamata, muulize kosa lako. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukung'olea mlango. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Alipokuuliza ukajibu ovyo, alivuta. Wanawake walitoka pale ngozi ya kichwa inawaka moto, lakini hakuna mwenye nyumba aliyewachezea tena.

Ndipo akaja Redio. Huyu alikuwa mpiga pasi, na jina alilipata kihalali: ukimsalimia tu, unapewa habari, vifo na hali ya hewa. Siku hiyo alikuja analia. Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa amefariki, na shemeji yake alikuwa ameshafungua kesi. Aliitaka nyumba, vyumba viwili na kibaraza cha kupigia pasi. Alidai Redio hakuwa mke, alikuwa mwanamke aliyepewa hifadhi.

"Mlifunga ndoa?" aliuliza Mama Kifungu.

"Dada, tungefunga, ila ndiyo kwanza mama yake akaanguka, mimi nikawa ndiye wa kumwogesha, halafu huyohuyo shemeji..."

Msuko ukavutwa. "Aii!"

"Nimekuuliza nini?"

"Kama tulifunga ndoa."

"Basi jibu."

"Hatukufunga."

"Ehee! Kumbe unaweza." Akachukua fungu jingine la nywele. "Sasa nisikilize, shoga. Sheria yetu inawatambua watu walioishi kama mke na mume hata kama hawakufunga. Kesi unayo. Kitakachokuzika ni hilo domo. Wakili wake atakuuliza neno moja, wewe umwage gunia zima, naye achague humo la kukunyongea. Jibu ulichoulizwa, basi."

Mazoezi yakaanza, na saluni ikageuka ukumbi wa vichekesho. Wateja waliokaa kwenye benchi wakajifanya mawakili.

"Mama, ulikuwa unalala chumba gani, cha wageni?"

"Marehemu alikuita mke wangu, au alikuita wewe?"

Redio akifungua mdomo kueleza, anavutwa, nao wanacheka mpaka wanajifuta macho. Redio naye alijifuta macho, wala hakuwa akicheka. Mwishowe zikabaki ndiyo, hapana na sijui. Mama Kifungu akawageukia wateja, "Mnausikia huo utulivu? Serikali ilishindwa, mimi nimeweza."

Redio aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Lakini dada, maisha yetu yenyewe nitayaeleza saa ngapi?"

"Zamu yako ikifika utajua. Inamisha kichwa."

Siku ya kesi, Mama Kifungu alikaa benchi la nyuma, kifua mbele. Wakili wa shemeji alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto.

"Una cheti cha ndoa, mama?"

"Hapana."

"Ulikuwa ukimlipa marehemu kodi ya chumba?"

"Hapana."

"Kibaraza unachopigia pasi, alikujengea yeye?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa akikusaidia."

Mkono wa Redio ulipanda taratibu mpaka kichwani, ukagusa misuko. "Ndiyo," akasema.

Shahidi wake, jirani wa ukuta mmoja, hakumfaa sana. "Waliishi nyumba moja," alisema. "Zaidi ya hapo sikuchungulia." Watu wakacheka.

Hakimu akavua miwani, akamtazama Redio bila ukali. "Mama, kwamba mliishi nyumba moja nimesikia. Mliishi vipi, wewe ndiye unayejua. Hii ndiyo nafasi yako. Una la kuongeza?"

Kule nyuma Mama Kifungu alishika ukingo wa benchi. Sema! Sema sasa! Na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, akakohoa kwa nguvu, amshtue.

Redio aliitambua sauti ya aliyekohoa. Akajua ameonywa asiropoke.

"Sina, mheshimiwa."

"Anayo!" Mama Kifungu alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, huyu anayo mengi!"

"Wewe ni wakili wake?"

"Hapana, ila..."

"Kaa chini."

Hukumu ilisomwa mchana huohuo. Nyumba ilikwenda kwa shemeji.

Nje kwenye ukumbi, Redio alifunguka. Hakulia. Alieleza jinsi alivyomwogesha mama mkwe mpaka siku ya mwisho, na shemeji akampigia simu kumshukuru, akimwita shemeji. Alieleza habari za mtoto wao aliyekufa kabla ya kuota meno, fundi akamchimbia kaburi kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Alieleza alivyoitwa mke wangu mbele ya wazee, hospitalini, kila mahali. Karani aliyekuwa akipita na mafaili alipunguza mwendo, akasikiliza. Hakuna aliyemvuta.

"Dada," akamaliza, "nasikia kuna rufaa. Huko nitayasema haya yote?"

Mama Kifungu hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, na hili pia alilijua vizuri sana.

"Huko watasoma uliyoyasema leo," akajibu.

Shemeji alikuwa amesimama pembeni, mkono umenyooshwa kusubiri ufunguo. Redio alipompa, aliutia mfukoni, kisha akamgeukia msusi kwa heshima zote.

"Ahsante sana, mama. Mimi nilikuwa nikiogopa ataongea."