Rafiki yangu alijitoa niende bunge la Arusha, wabunge wakamchagua yeye

Wakuu, poleni na kazi.

Hii nimekaa nayo kwa roho muda mrefu. Leo naiandika vile ilitokea, bila kutia chumvi. Majina nimebadilisha, hayo mengine yote ni kweli.

Mimi niiteni Wanja. Ni wakili, nina ofisi ndogo Siakago, Embu, kazi yangu kubwa ni kesi za mashamba. Rafiki yangu mwiteni Kendi, wa Kianjai, Meru. Tulikaa room moja chuo na ndiye alisimamia harusi yangu.

Sisi wawili tuliomba kiti kwa bunge la Afrika Mashariki, lile linakaa Arusha.

Kwa wasiojua: Kenya tuna viti tisa huko, na wewe mwananchi hupigi kura. Wanaopiga ni wabunge na maseneta. Vyama vinagawana viti kulingana na nguvu yao bungeni, kila chama kinapeleka majina mengi kuliko viti vyake, halafu waheshimiwa wanachagua kwa siri.

Majina yetu yote mawili yakapita kwa chama.

Halafu mzee mmoja wa chama akatuita. Akasema, "Upande wenu wa Mlima Kenya ni kiti kimoja. Meru ama Embu. Mkae chini muelewane, mkivutana mtakosa wote."

Tulikutana Chuka, kwa sababu ni katikati. Chai ilipoa hapo mezani hakuna mtu ameigusa.

Kendi ndiye alianza. "Wanja, mama ni mgonjwa na mimi ndiye namwangalia. Enda wewe. Wabunge wa Meru nitawaambia wakupatie kura."

Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Nikuambie mara ngapi?"

Tulikumbatiana hapo nje na nikaendesha gari hadi Siakago nikiimba.

Shida ni kwamba majina yalikuwa yameshapelekwa. Mzee wa chama alituambia amechelewa kuondoa moja. Kwa karatasi ya kura tungekuwa bado wawili.

Hapo ndipo wasiwasi ulianza.

Nilizunguka kwa waheshimiwa. Ofisini, kwa matanga, kwa harambee. Kila mmoja ananishika mkono na kuniambia, "Tuko pamoja." Wakuu, hakuna neno linanyima mtu usingizi kama hilo. Ukiambiwa hapana, unajua. Lakini wote wakiwa pamoja na wewe, utahesabu nini?

Na nyumbani akina mama wa kanisa walikuwa wameanza kuniita mheshimiwa. Nikawaeleza kwamba wao hawapigi kura hii. Mmoja akasema, "Sisi tutaomba tu." Nikazidi kuogopa.

Wiki ya kura, binamu yangu wa Nairobi akanipigia. "Huyo rafiki yako jina lake linatajwa sana hapa mjini. Una hakika alijitoa?"

Nikampigia Kendi. Simu imezimwa. Nikajaribu tena jioni, imezimwa. Kesho yake pia.

Siku yenyewe nilikuwa hoteli moja karibu na bunge na kaka yangu, Njeru. Mbunge mmoja wa kwetu alipotoka kupiga kura, alikuja akiangalia viatu vyake.

"Wanja, asubuhi wakubwa wamepitisha neno kwamba iwe Meru. Huko kuna kura nyingi za uchaguzi ujao. Mimi nimekupigia, lakini usitegemee."

Matokeo yakatoka. Kendi ameingia. Mimi hata karibu sikufika.

Njeru akasema, "Alikucheza mapema kabisa." Baba akapiga simu mara kadhaa na sikuweza kushika.

Kendi alinipigia asubuhi iliyofuata, sauti imekwaruza. "Wanja, sikuomba mtu kura. Nilizima simu kwa sababu watu wa chama walikuwa wananisukuma nirudi kushindana na wewe."

Ilisikika kama ukweli. Ilisikika pia kama kitu mtu amefanyia mazoezi. Nikamwambia hongera, nikakata.

Siakago watu walitaka niende kortini. Lakini ningemwambia jaji nini? Jina lake lilikuwa hapo kihalali, na waheshimiwa walichagua wanavyotaka. Kisheria sikuwa na kesi. Kwa roho nilikuwa nayo kubwa.

Halafu nikasikia kuna maombi ya shukrani kwao Kianjai. Njeru akasema nikienda nitajiaibisha. Baba, ambaye alikuwa ameumia kuliko mimi, akavaa koti yake na kuniambia, "Tutaenda wote wawili, tusikie wanasema nini."

Tulipoingia, watu waligeuka. Kendi alikuwa ameshika mic. Aliponiona akashusha mic, pasta akaanzisha wimbo kumwokoa.

Nilikaa kando ya mama yake. Amekonda sana. Akanishika mkono.

"Mwambie aende," akasema.

"Nani, mama?"

"Huyu. Amesema hataapishwa mpaka wewe ukubali. Siku ya kura tulikuwa hapa, mimi na yeye, akiniosha miguu. Redio ndiyo ilituambia."

Hayo ya siku ya kura sikuwa nimemuuliza mama.

Wimbo ulipoisha nikasimama nikaenda pale mbele. Sikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia, "Kendi, apa. Lakini ndengu za kwetu Mbeere zikikwama mpakani, ni wewe tutauliza."

Akalia, akacheka, akalia tena. Baba alikuwa ameshapewa sahani ya mukimo.

Sitawadanganya kwamba tumerudi kama zamani. Bado kuna vitu hatugusi. Lakini juzi nilienda Kianjai kukaa na mama yake, yeye akiwa kikao Arusha.

Nilichojifunza: kama unajitoa, jitoe kabla majina hayajapelekwa, si kwa chai Chuka. Na nyinyi wenye kura, siku mbunge wako akikuja kwenu muulize alimtuma nani Arusha na kwa nini. Mimi sijawahi kusikia mtu akiuliza.

Wanasheria na watu wa siasa humu mnirekebishe nilipokosea utaratibu. Na wengine niambieni bila kunionea huruma: ungekuwa mimi, Kianjai ungeenda?