Kitonge cha Tope Chini ya Pikapu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapopanda gari linalotetemeka, mwanangu. Nilikuwa kijana wa Gashonga, nimejifunza ufundi Bukavu miezi michache, na mdomo wangu ulijua mengi kuliko mikono. Pikapu ya mama ilikuwa ikitikisika kila ilipokimbia, hata viti vikalia. Nayo Jumamosi ilitakiwa kumpeleka dada yangu Furaha kanisani kufunga ndoa.

"Mi sipandi hiyo," alisema Furaha. "Nitafika kwa padri meno yote yameisha kutoka."

Nikajilaza chini ya gari na spana. Nilitaka kuifungua kardani, lile bomba refu linalozunguka na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Nilishalegeza nati mbili, wala sikuwa nimechora alama ya kuirudishia pale pale ilipokuwa. (Kardani ikirudishwa vibaya, mwanangu, ugonjwa mmoja huwa mawili.)

Mama akatoka shambani na kikapu cha mihogo kichwani. Hakukitua.

"Papa," ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "gari ikisimama, injini ikalia sana, inatikisikaka?"

"Hapana, Maman."

"Basi injini haina kosa. Na usukani?"

"Umetulia. Ni viti tu."

"Basi shida iko nyuma. Ilianzaka lini?"

Nikamwambia ilianza tuliporudi kutoka Nzahaha siku ya mvua, tulipokwama kwenye matope.

"Nikitia jiwe upande moja wa hiki kikapu, shingo yangu itajua kabla ya fundi. Osha hiyo bomba kwanza, bwana fundi wa Bukavu."

Nikamwaga maji. Ubavuni mwa kardani, upande mmoja tu, tope lilikuwa limekauka kama ngumi. Likabanduka, likaangukia kiganjani mwangu. Nikakaza nati, nikaendesha hadi barabara kubwa. Mwanangu, gari liliteleza kama mtumbwi ziwani asubuhi. Nikasimama kando, nikalitazama lile tope. Chuma chote kile, kutikiswa na kitu ambacho mtoto angekiponda kwa vidole! Na aliyekiona hakuwahi kushika spana.

Jumamosi Furaha alishuka mlangoni mwa kanisa, akanicheka: "Hesabu meno, yapo yote."

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Basi mwanangu, uliza kabla ya kufungua, osha kabla ya kulaumu, na ukilazimika kufungua, weka alama kwanza. Msikilize pia yule asiye na spana. Mungu akutulizie safari, na mikono yako isitangulie macho yako.