Bendi ya Kashai Yaenda Goziba Wakati wa Giza

Nisiwafiche wasomaji wangu, safari hii ilianza kwa hasira. Hoteli tuliyokuwa tukipigia kila Jumamosi mjini Bukoba ilimleta kijana mmoja na kompyuta yake na spika mbili kubwa, kisha ikatuambia sisi wa bendi tupumzike kwanza. Mpiga ngoma wetu aliposikia hivyo akaenda kuendesha bodaboda. Tukabaki watatu: Ta Mutalemwa, kiongozi wetu, anayepiga gitaa na pia enanga, ile ala yetu ya Kihaya ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao kama hori dogo, Kemilembe, mwimbaji, na mimi Kamugisha, mpiga gitaa la besi, ambaye mchana nauza vifaa vya simu Kashai.

Watu wa mikoa mingine hutuita nshomile, wasomi wa kujisifu, na mimi sibishani nao. Nitajisifu tena. Mji wetu ni mdogo, lakini pita Kashai jioni usikilize. Huku kwaya ya Kilutheri inanoa sauti ya tatu, kule vijana wa matarumbeta wanarudia mstari mmoja mpaka majirani wanaujua, na nyuma ya duka langu kuna fundi anayewamba ngoma. Muziki wa kupigwa na mikono ya watu tunao. Tulichokosa siku hizo ni mahali pa kuupigia.

Kibaya zaidi, Kemilembe alikuwa amepigiwa simu kutoka Mwanza. Ukumbi fulani ulimtaka akaimbe juu ya muziki uliorekodiwa, yeye na kipaza sauti tu, bila bendi. Alitakiwa kujibu Jumatatu. Binti huyu amekulia kwenye kwaya huko Rubafu na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikituwekea watu kwenye viti. Akiondoka, bendi imekufa, na sote watatu tulilijua hilo. "Tata, nakupa wiki hii," alimwambia Ta Mutalemwa. "Tukipata watu wa kutusikiliza, nabaki. Tukikosa, usinilaumu."

Ndipo Ta Mutalemwa akamkumbuka Mama Magesa, mama wa Kijita mwenye mgahawa na biashara ya dagaa kisiwani Goziba. Walikuwa wamekutana sokoni Bukoba, na mama yule akamwambia kisiwa kina watu tele lakini muziki wao wote unatoka kwenye simu. "Mje siku watu wamepumzika," alisema. Sisi watu wa mjini tunajua watu hupumzika lini. Tukapanga Jumamosi.

Ijumaa asubuhi tulitoka Kashai kwa bodaboda tatu, mimi nikiwa nimelikumbatia gitaa langu na jenereta ikiwa imefungwa nyuma ya Ta Mutalemwa kwa mipira. Stendi tukapanda basi la Muleba. Kwa anayesoma haya akiwa mbali na Kagera, barabara ile inapita katikati ya migomba kiasi kwamba nyumba huzioni mpaka mtu atoke mlangoni. Mibuni imesimama chini ya migomba, na kila baada ya kilima kuna kanisa. Kemilembe alikaa dirishani. Nilijaribu kumtania, akatabasamu kwa adabu tu.

Muleba tulilala kwa Ma Paulina, dada yake Ta Mutalemwa. "Nyegera waitu!" alitukaribisha, na kabla hatujatua mizigo akatuletea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni asipopewa anajua hakukaribishwa. Baadaye zikaja ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Ma Paulina alipoiona enanga alishangaa.

"Mwanamume wee, unapeleka enanga kwa wavuvi? Hawajui Kihaya hata salamu."

"Watajifunza," kaka yake akamjibu.

"Na huyu binti je, anaimba nini?"

"Ninaimba nilichoandikiwa, Mawe," Kemilembe alisema, akimwita mama kwa Kihaya. "Kwaya ilinifundisha hivyo. Siongezi, sipunguzi."

Jumamosi tulishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi na boti zinapotia nanga, tukapanda boti ya abiria pamoja na magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi na kreti za soda. Safari ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Ziwa lilikuwa limetulia, lakini mimi ni mtu wa nchi kavu, sikuona aibu kufumba macho. Nilipofumbua, Goziba ilikuwa mbele yetu: mabati yaliyobanana, mitumbwi imepangwa ufukweni, na harufu ya dagaa iliyotupokea kabla ya wenyeji.

Mama Magesa alituona tunashusha spika, akashika kiuno.

"Karibuni sana wanangu. Lakini mbona mmekuja giza?"

Tulikuwa tumefika jua likiwaka, kwa hiyo akatueleza taratibu, jinsi mtu anavyomweleza mgeni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina kazi, dagaa hawaji, na wavuvi wote hukaa nchi kavu. Hizo ndizo siku za kupumzika, siku za mbalamwezi, na hapo ndipo kisiwa hunywa, hucheza na kuoa. Mwezi usipokuwepo ndiyo giza, na wakati wa giza hakuna Jumamosi wala Jumapili, kila mwanamume yuko ziwani. Wahaya watatu, mmoja wetu akiwa na shahada, tulikuwa tumepanga onyesho kwa kalenda ya ukutani.

Jua lilipokuwa likishuka tuliwaona wakiondoka, mtumbwi baada ya mtumbwi, na taa zao za sola. Wasikilizaji wetu wote walikuwa wanatupungia mikono. Kemilembe aliketi juu ya spika. "Basi," alisema. "Jumatatu nawajibu Mwanza." Ta Mutalemwa akaanza kuifunga enanga. Iliniuma sana, nasema kweli, na nilimwonea huruma mzee kuliko nilivyojihurumia.

Jumapili kulipopambazuka Mama Magesa alitugongea mlango. "Mitumbwi inarudi. Njooni mpige wakati tunaanika. Ila hiyo jenereta iacheni." Aliona nashangaa. "Baba, sisi tunazijua injini za watu wetu kwa mlio. Ukiwasha hiyo, nitajuaje nani kaingia na nani bado?"

Gitaa la besi bila umeme ni pambo. Mama mmoja akanicheka, akanisukumia dumu tupu la lita ishirini. Ndivyo mimi, mtu mzima mwenye duka, nilivyokaa mchangani nikipiga dumu, Ta Mutalemwa akiwa na enanga mapajani, na Kemilembe amesimama na khanga yake begani, hana kipaza sauti.

Alianza vizuri, lakini hakuna aliyegeuka. Wanawake walikuwa wanamwaga dagaa na kuwatandaza, wameinama. Aliimba wimbo wake mpaka mwisho kama ulivyoandikwa, akanyamaza, na kazi ikaendelea. Nilimwona macho yake yanalegea. Kisha mtumbwi mkubwa ukagusa mchanga, watu wakaushika pande zote kuuvuta, na mwanamume mmoja akapaza sauti: "Dada, mbona umekata? Tuimbie tuvute!"

Ta Mutalemwa alirudia mapigo yale yale kwenye enanga, polepole, akimsubiri. "Kwenye enanga wimbo hauna mwisho wake," alimwambia. "Mwisho wanao wanaosikiliza. Waulize majina, uwaimbe."

Akawauliza. Masatu, Juma, Nyangeta, Shija. Akayatia kwenye wimbo mmoja mmoja, maneno ya Kihaya huku, jina la Kijita au Kisukuma kule, na kila aliyetajwa aliitikia kwa kelele. Walivuta kwenye kiitikio. Wanawake nao wakaanza kutandaza kwa pigo la dumu langu, na walipofika kwenye kiitikio walikiimba kwa Kihaya chao kibovu, bila kujua wanasema nini. Mtumbwi wa pili ukaja, wa tatu, wa nne. Kila mmoja ulikuwa na uzito wake, na wimbo ulirefuka au kufupika kwa kadiri ya uzito huo.

Jua lilikuwa limeshapanda Kemilembe alipotaka kumaliza. Mama Magesa alimshika mkono. Uso wake haukuwa wa jana.

"Usimalize, mwanangu. Magesa wangu hajaingia. Nikisikia kimya saa hizi nitakaa chini kama mfiwa."

Hakumaliza. Nawaambia nimeona mambo mengi kwenye majukwaa ya Bukoba, ila sijawahi kuona mtu akiimba vile. Sauti ilikwaruza, akaishusha. Aliishiwa maneno, akarudi kwenye majina. Alimwimba Magesa ambaye hakuwahi kumwona, akauliza amekula wapi, ameoga wapi, mama yake amemwekea nini, na wanawake wote waliitikia huku wakitazama maji. Mikono yangu ilikufa ganzi, nikaendelea. Mwishowe tukauona mtumbwi, hauna mlio wowote, watu wanne wanapiga makasia. Injini iliwafia mbali. Kijana mrefu akaruka majini, akatazama kundi lote lililokuwa likiimba jina lake, akauliza, "Jamani, mimi ndiye ninayeoa?"

Mama Magesa alicheka huku analia. Wakauvuta mtumbwi, na ulipotulia mchangani Kemilembe alimaliza wimbo.

Jumatatu tulirudi na boti ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshajifunza langu: nilidhani muziki wetu umekosa ukumbi, kumbe tulikuwa tumeusubirisha mlangoni mwa hoteli. Umekuwepo mkoani kwetu kabla ya hoteli zote, na kilichoufanya udumu ni kwamba unajua kumsubiri mtu. Nilijivuna kuwa Mhaya, nikajivuna hata kwa lile dumu.

Tulipofika mwaloni upande wa Muleba, simu zilishika mtandao na ya Kemilembe ikaita palepale. Alikuwa bwana wa Mwanza. Aliiweka sauti ya juu, tukasikia akieleza kwamba kazi ni rahisi, kila wimbo ni dakika nne, mashine inaanza na mashine inamaliza.

"Na mtumbwi ukiwa haujafika?" Kemilembe aliuliza.

"Mtumbwi gani?"

Kemilembe alimshukuru kwa heshima, akamwomba atafute mwimbaji mwingine, akakata simu. Kisha akatugeukia sisi wawili tuliokuwa tumesimama na mizigo vichwani.

"Mbalamwezi inaanza lini?"